Mradi harusi ya parokiani: Mroma na Mlutheri (shajara)

Januari 12, 2025

Mahari imeisha, wazee wameshakula wakacheka, sasa kazi imebaki kwetu wawili. Naanza kuandika maana najijua, nisipoandika nitabebeshwa lawama kwenye vikao na sina ushahidi. Hali ilivyo: mimi bibi harusi ni Mkatoliki, nimebatizwa upande wa Songea, nasali huku Kimara na jumuiya yangu (kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja) iko huku. Mwenzangu ni KKKT, mtu wa Machame, baba yake ni mzee wa kanisa usharikani kwao, na Ulutheri wa nyumba ile haujaanza jana, wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na wao wanakusimulia kama walikuwepo. Tumekubaliana ndoa inafungwa kwetu, ye habadilishi dhehebu na mimi sijamwomba abadilishe. Kwa hiyo ni ndoa mseto, faili lake lina kurasa nyingi kuliko la wenzangu.

Tunalenga Mei. Kwaresima inaanza Machi 5, Pasaka ni Aprili 20, na parokia yetu haifungishi ndoa kipindi hicho. Na mwaka huu Ramadhani nayo imeangukia Machi hiyo hiyo, wenzetu Waislamu nao wanasubiri mfungo uishe, kwa hiyo Dar nzima inaoa kwa mpigo baada ya Idi na Pasaka. Kumbi zitagombaniwa.

Sheria ya mradi nimeshaitangaza kwa pande zote: hakuna senti inayotoka kwa ajili ya ukumbi kabla padre hajaandika tarehe kwenye diary yake. Mjomba wangu (mwenyekiti wa kamati mtarajiwa) kacheka akasema "huyu mtoto anaoana na faili". Sawa.

Januari 18

Jumuiya, asubuhi, kwa mama mmoja anayeuza mkaa. Baada ya rozari na tafakari ya Injili nikaomba barua ya utambulisho. Mwenyekiti wetu hana haraka, akavuta daftari, akalamba kidole, akafunua: "Binti, bahasha za zaka za Oktoba na Novemba hazionekani hapa." Nikalipa papo hapo kwa M-Pesa ya mweka hazina, mbele ya kadamnasi, watu wakapiga makofi kama nimetoa ng'ombe. Najua wengi wanalalamika mtandaoni kwamba kanisa linakudai ndo likuozeshe. Mi mwenyewe hilo la bahasha lingeweza kusubiri, ila barua yenyewe sina ugomvi nayo, inasema "tunamfahamu, hana mume mwingine", na hawezi kuandika hivyo mtu ambaye hajawahi kukuona ukikaa kwenye mkeka wake.

Barua nimepata. Muhuri upo.

Januari 25

Ofisi ya parokia. Katekista katupa listi, naiandika kama alivyosema. Kwangu: barua ya jumuiya, cheti cha ubatizo KIPYA kutoka parokia niliyobatizwa, kisichozidi miezi 6, kile cha zamani chenye madoa ya chai hakitakiwi hata ukilia. Sababu yake nimeielewa leo: kwenye daftari la ubatizo pembeni ya jina lako huwa wanaandika kipaimara, ndoa, hata upadre, kwa hiyo nakala mpya ikija na nafasi ya ndoa iko tupu basi parokia inajua huna ndoa nyingine ya kanisani. Ni mfumo wa karatasi, hauhitaji bando.

Kwake: cheti cha ubatizo cha KKKT, barua ya mchungaji wa usharika wake kwamba ni mseja na hakuna pingamizi. Kwa wote: picha, mafundisho ya ndoa, mahojiano ya padre, matangazo Jumapili tatu, wasimamizi ambao wana ndoa ya kanisani. Hapo mwenzangu akanywea kidogo, best man wake aliyemwahidi tangu chuo hajaoa na hana dalili. Sheria ya Kanisa yenyewe inadai padre na mashahidi wawili tu, hilo la wasimamizi kuwa wanandoa ni utaratibu wa parokia, ila sijaja kubishana na katekista mwenye funguo za ofisi. Tutamchukua dada yangu mkubwa na mumewe. Best man atabeba pete.

Juu ya hayo yote: kibali cha Askofu kwa ndoa mseto. Katekista alitueleza vizuri. Ubatizo wa Walutheri unatambulika, kwa hiyo kinachohitajika kwetu ni ruhusa, na ndoa ikishafungwa ni sakramenti kamili kwa sababu wote wawili tumebatizwa. Ingekuwa naolewa na mtu ambaye hajabatizwa kabisa, hiyo inahesabiwa kizuizi na inahitaji kuondolewa na Askofu, bila hivyo ndoa haipo hata mkivaa vipi.

Februari 8

Cheti cha Songea kimefika kwa basi, mama mdogo alikifuata parokiani. Jina langu la ubatizo limeandikwa kwa herufi moja tofauti na NIDA. Katekista: daftari la ubatizo ndo linaongoza kwa upande wa kanisa, cheti cha ndoa cha serikali kitafuata kitambulisho, nendeni kwa wakili mkaape kiapo cha majina mkiambatanishe. Tumeenda, kimeisha siku hiyo hiyo.

Cha Machame kilikuja kwenye bahasha ya kaki iliyofungwa na gundi na selotepu juu, kama mtihani wa taifa. Baba mkwe ndo alikifuata mwenyewe kwa mchungaji.

Februari 15

Leo baba mkwe mwenyewe. Alikuja Dar kwa shughuli zake, akasema kabla hajarudi anataka kumwona huyo padre. Hakuna aliyelala vizuri.

Tukaingia ofisini. Mzee kavua kofia, "Bwana Yesu asifiwe." Paroko akaitikia "Amina" bila kusita, afu na yeye akasema "Tumsifu Yesu Kristo", mzee akakaa kimya sekunde kadhaa hivi, afu "milele na milele, amina", kiitikio cha jirani zake wa migombani aliowasikia maisha yake yote. Tukakaa.

Mzee hakuzunguka. "Baba Padre, nimesikia kuna karatasi mtoto wangu atasaini kwamba wajukuu wangu watakuwa Waroma. Nataka kuiona." Paroko akaitoa kwenye faili akampa aisome mwenyewe, na mzee akaisoma yote na miwani yake ikiwa kwenye ncha ya pua, tukasikia feni tu. Kumbe anayeahidi ni mimi, mimi Mkatoliki ndo natamka kwamba niko tayari kujiepusha na hatari za kuiacha imani yangu na nitafanya kila ninaloweza watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzangu yeye anajulishwa tu, ajue mwenzake kaahidi nini, asije akasema hakuambiwa.

Mzee akauliza, "Na mtoto wangu akitaka kuwapeleka usharikani Jumapili nyingine?" Paroko akamjibu kwamba baba wa watoto haondolewi ubaba wake na karatasi, kwamba neno ni "kila anachoweza", na kwamba hilo lazima wawili hawa waliongee sasa hivi wakiwa wachumba, wasisubiri mtoto awe mikononi. Afu akamgeukia mwenzangu: "Mmeliongea?" Mwenzangu akasema ndiyo. Kweli tulishaliongea, kwenye mwendokasi, tumesimama, watu wamebanana na wengine wanasikiliza, nikamwambia wazi naapa kitu ninachokusudia kukitimiza, akasema watoto watabatizwa kwangu ila Krismasi ni Machame na wataenda ibadani na babu yao. Mzee aliposikia hiyo ya Krismasi akakunja karatasi vizuri akairudisha mezani. Hakusema amekubali. Akauliza kama mchungaji wake anaweza kushiriki.

Jibu: anaweza kusoma somo, kutoa sala na neno la kutia moyo, ila viapo vinapokelewa na padre peke yake, haiwezekani huyu apokee vya huyu na yule vya yule. Mzee akasema "hiyo ina mantiki". Nilitamani kumkumbatia ila kwa mkwe mtu hukumbatii hovyo, nikampigia goti shikamoo ya pili.

Februari 22

Kikao cha kwanza cha kamati. Mjomba mwenyekiti, shangazi mweka hazina, mimi sitakiwi kuwepo nimejipenyeza kama mpika chai. Kadi: single laki moja, double laki na nusu. Ahadi zimemiminika kwa sauti kubwa, pesa taslimu imekuja ya kununulia karatasi.

Mjomba analazimisha tulipie advansi ya ukumbi Aprili 26, "Sikukuu ya Muungano, Jumamosi, watu hawaendi kazini, na nimepewa ofa". Nikaweka birika chini nikasema padre hajatoa tarehe na kibali cha Askofu hakijatoka. Kelele kidogo. Shangazi akanitetea: "mimi ndo nashika hela na sitoi." Kikao kikafungwa kwa sala, mjomba kanuna mpaka getini.

Machi 1 na 2

Mafundisho ya ndoa, jozi nyingi ukumbini, viti vya plastiki, joto la Dar la mwezi wa tatu. Kulikuwa na wanandoa wa miaka mingi waliofundisha juu ya hela ndani ya nyumba, hicho kipindi nilikipenda, yule baba akasema kabisa mbele ya mkewe kwamba kiwanja cha kwanza alinunua kwa siri na mkewe akaitikia "na nilijua". Nesi akafundisha uzazi wa mpango wa asili, ute, joto la mwili, kuhesabu siku, na mwenzangu Mlutheri ndo aliyekuwa na maswali mengi kuliko Wakatoliki wote waliojikalia na aibu zao. Tumeombwa pia tupime afya, tumepima, majibu kila mtu kamwonyesha mwenzake.

Kipindi cha sheria kilikuwa kifupi ila muhimu: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, padre anafungisha akiwa na leseni ya serikali, na siku hiyo mnasaini cheti cha serikali pia. Ndoa ni moja, sherehe mbili za kisheria huhitaji.

Machi 8

Mahojiano. Mnaingia mmoja mmoja, mlango unafungwa. Unaapa kusema kweli, afu maswali. Kuna mtu anakulazimisha? Ulishawahi kufunga ndoa yoyote, ya kanisa, ya serikali, ya kimila? Mna undugu wa damu? Unaelewa kwamba ndoa hii haivunjwi mpaka kifo? Uko tayari kupokea watoto? Kuna jambo umemficha mwenzako ambalo akilijua asingekuoa? Hilo la mwisho padre aliliuliza akiwa ameweka kalamu chini. Mtu akikuuliza hivyo katikati ya mambo ya keki na vitambaa unarudi duniani kidogo. Nikajibu hapana. Mwenzangu yeye alikaa muda mrefu kule ndani mpaka nikaanza kuhesabu vigae, kumbe walishamaliza wanaongea habari za kahawa ya Machame.

Tarehe imeandikwa, kwa wino: Jumamosi Mei 10, saa 5 asubuhi. Na itakuwa ibada bila Misa. Padre alieleza kwamba bwana harusi na nusu ya kanisa hawatakomunika, kwa ndoa mseto utaratibu wa kawaida ni Liturujia ya Neno na viapo, Misa inaombewa ruhusa. Mama yangu nilipompigia simu akaanza "ndoa bila Misa ni ndoa gani hiyo", ikabidi nimwombe padre aongee naye. Sijui alimwambia nini, mama karudi kwenye simu anauliza rangi ya vitenge. Faida ambayo hakuna aliyeifikiria: saa 8 mchana huo huo kuna Misa ya ndoa ya jozi kadhaa kwa pamoja, sisi tuko peke yetu.

Nimetuma meseji kwa mjomba: sasa lipia ukumbi.

Machi 16, 23, 30

Matangazo. "Tangazo la kwanza la ndoa..." jina langu, jina la baba na mama, jumuiya, afu jina lake na "wa Usharika wa KKKT", hapo vichwa viligeuka mstari mzima, mama mmoja mbele yangu akageuka akaniangalia kuanzia viatu. "Mwenye kujua kizuizi chochote amjulishe Paroko." Machame nako lilisomwa. Hakuna aliyejitokeza, isipokuwa mtu mmoja aliyekwenda ofisini kuuliza kama kuna kazi ya mapambo.

Ukumbi tumepata, Sinza, kuna jozi walikansel. Bei ni ile ile aliyopewa mjomba. Ameshaacha kununa.

Aprili 9

KIBALI KIMETOKA. Barua ya jimbo yenye muhuri. Nimeipiga picha nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la kamati, watu wakajibu "hongera" afu wakaendelea kubishana kuhusu sare. Hakuna anayejua kwamba hii ndo karatasi iliyokuwa inashikilia kila kitu.

Gauni: parokia haitaki mabega wazi, fundi ameongeza kikoti cha lesi. Mpiga picha kaambiwa asipande altareni na asimzunguke padre. Maua ya kumwaga sakafuni hayaruhusiwi, anayefagia ni mtu.

Aprili 21

Jumatatu ya Pasaka. Kijitabu cha ibada kilikuwa kwa mchapaji tayari, ombi la kwanza la waamini limeandikwa "Kwa ajili ya Baba Mtakatifu Fransisko". Saa 5 kasoro asubuhi simu zikaanza kulia, Papa amefariki. Jana tu Pasaka tumemwona kwenye TV akibariki watu. Mama amekaa na redio siku nzima. Mimi niliona aibu kumpigia mchapaji, ila nikampigia, bahati alikuwa mapumziko na mashine haijawashwa.

Maziko ni Jumamosi Aprili 26. Mjomba leo kanipigia akasema tu "ile tarehe yangu". Nikasema "ndiyo mjomba".

Mei 3

Send-off imepita jana, imeenda vizuri, nimelia, mama kalia, emsii kaongea sana. Kitchen party siandiki.

Kijitabu: paroko amesema chapeni "Baba Mtakatifu" bila jina, konklave (kikao cha makardinali cha kumchagua Papa) inaanza tarehe 7, jina likipatikana msomaji atalitaja, lisipopatikana ataelekeza yeye. Imechapwa.

Mei 8

Masika haijaisha. Wageni wa Machame wanafika kesho na coaster na mbuzi wa ndafu wako nao. Tuko kwenye kikao cha mwisho, shangazi anasoma madeni ya ahadi kwa majina, saa 1 jioni mtu kapaza sauti "moshi mweupe!" kikao kikafa hapo hapo, wote kwenye TV ya jirani. Papa Leo XIV. Mmarekani. Wifi yangu, dada wa mwenzangu, ndo amepangiwa kusoma maombi, kachukua kijitabu chake akaandika "Leo" kwa kalamu ya bluu juu ya nafasi.

Mei 10

Mvua kuanzia alfajiri, Morogoro Road imesimama, gari la bibi harusi limetoka saa 3 kwa safari ya dakika ishirini. Tumefika kabla ya padre. Kwaya ilishaanza kupasha.

Mchungaji kasoma somo la kwanza, baba mkwe kiti cha mbele na suti yake ya kijivu. Viapo, "katika taabu na raha, katika magonjwa na afya", sauti yangu ilikuwepo, ya mwenzangu ilikatika kidogo akarudia. Tukasaini vyeti mezani pembeni ya altare, sisi, wasimamizi, padre. Afu maombi ya waamini, na ombi la kumwombea Papa mpya siku ya pili baada ya kuchaguliwa likasomwa kwa lafudhi ya Kimachame na Mlutheri, kanisa zima "Ee Bwana utusikie". Paroko alitabasamu, nilimwona.

Ndafu ilifika nzima Sinza, na majani mdomoni.

Mei 24

Kuvunja kamati. Hesabu zimesomwa, kilichobaki kimeenda kwenye supu na soda, na bahasha ya kwaya ambayo tulikuwa tumewaahidi nauli ya kurudi.

Upande wa parokia: ndoa imeingizwa kwenye daftari, taarifa imetumwa Songea ili waandike pembeni ya jina langu kwenye daftari la ubatizo. Mwenzangu kapeleka nakala ya cheti kwa mchungaji Machame. Jina sibadilishi, kwa hiyo NIDA hakuna kazi.

Wenye ahadi ambao hawajalipa nimemwachia shangazi, ye anajua kudai.